Chambo Kimwagwe Wapi?

Benchi letu ni la kanisa. Kanisa lenyewe lilifungwa, waumini tukagawana vilivyokuwamo. Wengine walichukua kengele na vinara, mimi nikabeba benchi refu la mbao nikaliweka nje ya sheli yangu, chini ya paa, katikati ya mlango na magunia ya karoti. Hapa Karhu, kaskazini kabisa ya Michigan, Marekani, ng'ambo ya daraja kubwa, Novemba ikiingia kila sheli inauza vitu vitatu: mafuta, kahawa na chambo cha kulungu. Tarehe kumi na tano msimu wa kuwinda kwa bunduki unafunguliwa, shule zinafungwa, na mwanamume ambaye hajasema uongo mwaka mzima anaanza siku hiyo. Jina langu ni Marlys lakini wote wananiita Mama Sheli. Kahawa ni yangu, benchi ni langu, na kelele zinazopigwa juu yake nazisikia bure, nitake nisitake.

Asubuhi ile theluji ilikuwa imeanguka kidogo, ya kuchafua viatu tu. Wazee wangu watatu walikuwa wameshakaa. Karoti, ambaye mama yake alimwita Orville, ananunua karoti kwangu kuliko sungura wote wa wilaya. Injinia ni Armand, alikuwa fundi wa mashine mgodini, na tangu astaafu hajaacha kitu kizima nyumbani kwake. Na Askofu ni Wendell, ambaye si askofu wala shemasi. Anapenda methali tu, na kila methali anaipeleka kusiko kwake.

Ndipo akaja Tauno Perala, mwokaji wetu, amevaa koti la rangi ya chungwa lililombana mabegani.

—Mzee Mikate! Karoti alipaza sauti. Koti la nani hilo? Limekubana mpaka unapumua kwa zamu.

—La nyumbani, alijibu Tauno.

—Nyumbani kwa nani? Kwa watoto wa shule?

Tauno hakucheka. Alivua kofia, akabaki amesimama ameishika kwa mikono miwili.

—Nina swali la kulungu, alisema.

Kahawa ilimtokea Injinia puani. Si kwa dharau. Tauno ameoka mikate ya mji huu maisha yake yote, mikono yake inanukia iliki mpaka kesho, lakini kulungu ni mnyama wa mkewe. Saima ndiye mwindaji wa nyumba ile. Kule uwanjani tunakowatundika kulungu watu wawatazame, mara nyingi dume la Saima ndilo lililokuwa zito kuliko yote, na Tauno alikuwa akisimama kando na sinia la mikate akiwagawia waliokuja kupongeza. Hapa kwetu mtu akisema "mume wa Saima" wala haulizwi ni nani.

—Uliza, mzee wangu, alisema Karoti, akisogea kumpa nafasi. Umefika hospitali ya rufaa.

—Nataka kulungu aje karibu. Karibu kabisa, kama kutoka hapa mpaka pampu ile. Niweke chambo gani, na nikiweke vipi?

—Wewe? aliuliza Askofu.

—Mimi. Nimekata leseni.

—Na Saima?

—Saima anasema mwaka huu haendi.

Ningewaambia kwamba ziwa limehama usiku, wasingeshtuka vile. Injinia aliweka kikombe chini.

—Haendi kivipi? Anaumwa?

—Magoti, anasema. Juzi ameutundika ufunguo wa kibanda chake cha kuwindia ukutani, akasema basi. Hajakosa siku ya ufunguzi tangu nimwoe. Hata mwaka ule mimba ilikuwa ya miezi minane alikwenda. Tauno alikizungusha kile kikofia. Sasa mimi sitaki iwe basi. Nataka nimwambie, "Saima, kibandani kwako wamejaa, wanakula mlangoni kama kuku, njoo uwatazame tu." Akiingia mle mara moja, najua atakuwa Saima tena. Lakini akibaki jikoni siku ile, akisikia milio ya bunduki za watu wengine...



Magoti! Mimi nilitazama pembeni. Wiki iliyopita Saima alijimiminia kahawa hapa kwangu, akaimimina kando ya kikombe, yote mezani, huku ananisimulia habari za mjukuu wake na kutabasamu. Nilifuta, nikamjazia kikombe, nikanyamaza. Magoti hayamwagi kahawa.

—Basi sikiliza, alisema Karoti, amekwisha kuvua glavu ili mikono iseme vizuri. Dawa ni karoti. Si nyingine. Karoti ni tamu, karoti inalia kwenye meno, kulungu mmoja akitafuna wenzake wote wanasikia. Unamwaga mbele ya dirisha la kibanda, unakaa, unangoja.

—Chema chajiuza, kibaya chajitembeza! Askofu aliunga mkono, akampigapiga Karoti mgongoni, na Karoti akamshukuru.

—Karoti ikiganda hainuki, alisema Injinia. Unalisha panya. Mzee Mikate, mimi nakupa mahindi na mashine. Nimeitengeneza kwa mota ya mashine ya kufulia. Alfajiri inajiwasha yenyewe, vuuu, inarusha mahindi, inajizima. Kulungu wanakuja kwa saa kama wafanyakazi wa zamu.

—Ile iliyovunja kioo cha gari la mama mkwe wako? aliuliza Karoti.

—Ilikuwa kwenye majaribio.

—Mama mkwe ndiye aliyekuwa kwenye majaribio.

—Na bwana nyama je? nilitia neno langu kutoka mlangoni. Sheria inasema galoni mbili za chambo, si zaidi, na zitawanywe. Mashine yako inarusha mpaka shamba la jirani.

—Sasa si ndiko kutawanya huko, Mama Sheli?

Tauno alikuwa anasikiliza mmoja mmoja kama mtoto wa darasa la kwanza. Ningeweza kuwachapa wale wazee. Mtu amekuja na moyo wake mkononi, wao wanamletea mota ya kufulia.

—Ninyi wote mnakosea pa kuanzia, alisema Askofu, akafunga macho kama anayetaka kuomba. Chambo si cha tumbo. Chambo ni cha sikio. Mwaka juzi nilisahau redio kibandani, inasema peke yake. Kurudi kesho yake, nyayo zimezunguka kibanda pande zote. Walikuwa wanasikiliza utabiri wa hali ya hewa.

—Kulungu anataka utabiri wa nini? aliuliza Injinia.

—Yeye ndiye anayelala nje, Armand. Si wewe.

Hapo hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Tauno naye mdomo ulimcheza kidogo.

Karoti hakupenda kushindwa na redio. Aliinuka.

—Ngojeni niwape siri ambayo sijawahi kuitoa. Karoti usiitoe kwenye gunia ukaimwaga. Hapana! Unaitia mfukoni mwa suruali, unatembea nayo wiki nzima, unalala nayo. Inashika harufu yako. Kulungu akiila, ameshakula na wewe, mmeshakuwa ndugu.

—Kikulacho ki nguoni mwako! Askofu alijipiga mapajani kwa furaha. Wahenga walisema!

—Wahenga walikuwa wanasema chawa, Wendell, nilimwambia.

—Chawa, karoti, yote ni ya mfukoni.

—Na mkeo anasemaje kuhusu kulala na karoti? Injinia alimwuliza Karoti.

—Mke wangu alihamia chumba cha wageni kwa sababu ya kukoroma. Karoti haihusiki kabisa.

Injinia aliona mambo yanampita, akamgeukia Tauno, macho yanang'aa.

—Jamani, tuna mwokaji hapa tunahangaika na mboga! Mzee Mikate, ule mkate wako wa iliki. Uupake siagi ya karanga, uumwagie molasi, uutundike mtini kwa kamba kwenye puli. Mimi nakutengenezea puli. Mkate unapanda na kushuka, harufu inatembea msitu mzima.

—Nilishautundika, alisema Tauno kwa upole. Bila puli.

—Ukapata nini?

—Dubu. Alikula na kamba.

Benchi lilitikisika. Karoti alicheka mpaka akakohoa, Injinia akauliza kamba ilikuwa ya aina gani. Lakini Askofu hakucheka. Alikuwa bado ana jambo, na nilijua kwa jinsi alivyokuwa anakuna kidevu.

—Nisikilizeni. Kulungu hazoei chakula. Anamzoea mwagaji. Mke wangu akitoka na ndoo ya takataka wanamfuata, mimi nikitoka na ndoo ileile wanakimbia. Wamejua hatua zake, wamejua harufu yake. Kwa hiyo kama kibanda ni cha Saima, na atakayekaa ni Saima, basi mwagaji lazima awe Saima. Au mtu anayenuka kama Saima.

—Sasa huyo utampata wapi? Karoti alianza kucheka. Umpeleke Mikate porini amevaa sketi na...

Aliacha katikati. Alikuwa ameliona koti.

Sote tuliliona sasa. Koti la kuwindia la rangi ya chungwa, la mwanamke, limeshonwa upya kiwikoni kwa uzi wa bluu ambao mimi mwenyewe nilimuuzia Saima.

—Kila asubuhi yeye akiwa bado amelala, alisema Tauno, akitazama kofia yake, nalivaa. Nakwenda mpaka kibandani na ndoo ya makombo ya mikate, namwaga, narudi, nalitundika mahali pake. Nilifikiri wakizoea harufu yake, siku akija hawatakimbia. Leo nimechelewa kulirudisha, ndiyo maana mmeniona nalo.

Nilipata haja ya ghafla ya kwenda ndani kutazama birika la kahawa, ingawa birika lilikuwa limejaa. Niliporudi Karoti alikuwa anavaa glavu zake polepole, kidole kimoja kimoja.

—Unamwaga wapi hasa? Injinia aliuliza, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa.

—Mbele ya dirisha. Mstari mmoja na pua yako ukikaa.

—Hapo umepatia, alisema Injinia.

—Hapo ndipo, alisema Karoti.

—Mbele ya dirisha, Askofu alikubali. Hakuna pengine.

Tangu niliweke lile benchi, hilo ndilo jambo la kwanza walilowahi kukubaliana.

Basi ndipo lilipoingia lori la bitiruti. Si zile nyekundu za saladi. Hizi ni za sukari, nyeupe, kubwa kama kichwa cha mtoto, zinatoka mashamba ya kusini, na kulungu wakizipata wanazitafuna hata zikiwa zimeganda. Anayezileta ni Ofelia Zamarripa, binti wa kule kwenye mashamba hayo, ana sauti ya kuita ng'ombe. Aliliegesha lori kando ya benchi, likatukinga upepo, akaruka chini, nikampa kahawa kabla hajaomba.

—Leo mmekaa kama mko msibani, alisema. Nani kafa?

—Hajafa mtu, alisema Karoti. Tunamsaidia mzee hapa kuchagua chambo. Ni kwa ajili ya mkewe. Mkewe ndiye mwindaji, mwaka huu hataki kwenda, sisi tunataka kulungu waje karibu ili atamani.

—Ni mwindaji mzuri?

—Binti, alisema Injinia, ukituunganisha sisi watatu na bunduki zetu na mashine yangu, hatumfikii nusu.

—Kila mwaka anapata?

—Kila mwaka.

—Na yu hai, anasema, anasikia?

—Yuko hapo ng'ambo ya barabara, nilimwambia, ukumbi uliokuwa wa kanisa, anakunja pasti, vile vitumbua vya nyama na viazi, na akina mama wenzake. Wanaziuza kwa wawindaji.

Ofelia alitupa jicho mmoja mmoja, kikombe kimefika mdomoni.

—Sasa si mumwulize yeye?

 Injinia alichunguza kifungo cha koti lake. Miaka yote ile Saima ametundika madume yake mbele ya macho yao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kwenda kumwambia, "Shemeji, wewe huwa unaweka nini?"

—Mtu haulizi chambo cha mwenzake, Injinia alijaribu. Ni kama kumwuliza mtu mshahara.

—Sisi tunaulizana kila siku hapa, alisema Karoti kwa unyonge.

—Hatuulizani. Tunaambiana.

Tukamgeukia Askofu. Alitafuta methali, nikamwona anaitafuta, uso mzima, akaikosa.

—Mimi siwezi kumwuliza, alisema Tauno.

—Wewe ndiye unayelala naye nyumba moja, baba, Ofelia alimwambia kwa heshima. Unashindwa nini?

—Nikimwuliza, atajua kwamba najua.

—Unajua nini?

Tauno alikaa. Tangu afike hakuwa amekaa, na sasa alikaa ghafla, benchi likalia.

—Si magoti. Ni macho. Yanakwenda, na hajaniambia. Asubuhi anashika gazeti, anafungua kurasa kama kawaida, siku nyingine amelishika kichwa chini. Mimi namwambia, "Lete nikusomee, leo napenda sauti yangu." Ananipa. Anasema, "Wewe na sauti yako." Nimesogeza viti vyote ukutani asijikwae, nikamwambia nataka nafasi ya kunyoosha mgongo. Anajificha, na mimi namsaidia kujificha. Ningefanyaje? Alikuwa anaona sikio la kulungu kwenye miti ambayo mimi nilikuwa naona miti tu. Sasa nimwendee nimwambie, "Saima, naona huoni"? Ndiyo maana nataka waje karibu. Labda wakiwa karibu sana atawaona. Labda hatalazimika kusema.

Karoti aliweka mkono juu ya bega la Tauno, juu ya lile koti, akauacha hapo. Mimi machozi yalinitoka na sikuyaficha. Ni sheli yangu, nitalia nikitaka.

Halafu tukasikia, upande wa pili wa lori: ko, ko, ko.

Mtu alikuwa anagonga bitiruti kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Kimya kidogo. Ko.

—Hii imeoza ndani, sauti ya mwanamke ilisema.

Saima alitokea nyuma ya lori, aproni ya jikoni bado kiunoni chini ya sweta, unga mpaka kwenye nywele. Mkono wake mmoja ulikuwa unateleza juu ya bodi la lori, hauliachi. Mwingine umeshika bitiruti.

—Nani amekufundisha kupakia, binti? Zilizoganda umeziweka juu, zikiyeyuka zitachuruzikia nzima.

—Samahani, mama, alisema Ofelia, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na safari hii hakusikika.

Sisi sote tulisimama, hata sijui kwa nini. Hakuna aliyethubutu kuuliza amesimama huko nyuma tangu lini. Saima aliigeuza ile bitiruti mkononi.

—Tauno.

—Nipo.

—Si magoti.

—Najua.

—Najua kwamba unajua. Mwanamume aliyekataa kuhamisha kiti kimoja tangu tuhamie nyumba ile hawezi kuamka siku moja anavisogeza vyote ukutani kwa ajili ya mgongo. Na koti langu kila siku lina matope mapya. Nilifikiri nimeanza kutembea usingizini.

Injinia aliguna kicheko akakimeza.

—Kwa nini hukuniambia? Tauno aliuliza.

—Kwa sababu ungeanza kunikatia nyama kwenye sahani. Saima alivuta pumzi. Na kwa sababu nikisema linakuwa kweli. Niliogopa, Tauno. Ndivyo ilivyokuwa. Nimeogopa tangu kiangazi.

 Kisha Saima akajipangusa unga shavuni, akaongeza unga mwingine, akawageukia wale watatu.

—Na ninyi, wataalamu! Mmeniua kwa kicheko huko nyuma. Karoti za mfukoni! Mnasema mbele ya dirisha, wote watatu, mbele ya dirisha. Mbele ndiko nisikoona! Katikati pana doa, jeusi, halitoki. Nikimtazama mtu usoni, uso haupo. Nikimtazama sikioni, uso unajitokeza kando. Ya pembeni naona vizuri tu, hasa kushoto. Mkitaka nione kulungu, msimweke mbele yangu.

—Kwa hiyo mimi sasa hivi hunioni? aliuliza Karoti, aliyekuwa amesimama mbele yake kabisa.

—Sikuoni, Orville. Sogea pembeni, huko ndiko unakopendeza.

Karoti akasogea pembeni, kwa utii, kofia mkononi.

—Bitiruti, Saima alimwambia mumewe. Si karoti, si mahindi. Unazikata nne nne, maana wanachelewa kuzing'ata nzima, wanaondoka. Unazitawanya kushoto, pale kwenye mti ulioanguka, mpaka kwenye kijito. Upepo wa asubuhi unatoka huko kuja kwetu, hawatakunusa. Hilo koti ulikuwa unalivaa bure, wanaponitambua mimi ndipo wanapokimbia.

—Bure? alisema Tauno.



—Si bure, alisema Saima. Kwa kulungu tu ndiyo bure.

Askofu alitoa leso akapenga kamasi kwa kishindo.

—Shemeji, Injinia aliuliza kwa sauti ndogo, na bunduki?

—Atashika yeye. Si amekata leseni?

—Saima, mimi sijawahi kuua hata kuku. Nitatetemeka.

—Utatetemeka. Mimi nitaweka mkono mgongoni kwako. Masikio yangu ni mazima, nitamsikia kabla hujamwona, nitakwambia ametokea wapi, nawe utaniambia pembe zake zikoje. Usinidanganye kuhusu pembe.

—Na nikishindwa kufyatua?

—Basi tutakuwa tumekaa.

Ofelia alikuwa ameshapanda juu ya lori, anachagua nzima moja moja, anazigonga kama alivyomsikia Saima akigonga. Alijaza gunia, akamshushia Tauno. Tauno alilitupia begani, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, na mwokaji ni mtu wa magunia, nilikuwa nimesahau.

—Nitakaa wapi? aliuliza. Kwenye kibanda. Ni kadogo kale, nami ndani sijawahi kuingia. Nichukue ndoo nikalie?

—Ndoo ya nini? Mna viti viwili mle.

—Viwili?

—Nilipokijenga niliweka viwili, alisema Saima.

Tauno alibaki pale na gunia lake. Nilikuwa karibu naye, nikaona hesabu inapita usoni mwake: asubuhi zote zile alizomfungia mkate na kahawa, akamfungulia mlango, akarudi kwenye tanuri, naye Saima anakwenda kukaa peke yake karibu na kiti kitupu.

—Hukuwahi kuniambia, alisema.

—Hukuwahi kuuliza.

Tauno alilishusha gunia chini. Alimwendea, akakunja kiwiko chake, akakisogeza mpaka kikaugusa mkono wa Saima uliokuwa bado juu ya lori. Saima aliliachia lori. Akamshika, kisha akageuza kichwa kidogo, akamtazama sikioni, akakaa anamtazama hivyo muda mrefu mbele yetu sote.

—Umezeeka, alisema.

—Wewe pia, alisema Tauno. Haya twende, bitiruti zinaganda.